Kalenda za Sekela

Usiku wa jana niliota mfuko wa unga umeketi kwenye kiti changu cha sebuleni, umekunja nne. Ulikuwa umekaa chini ya kalenda yetu, ile iliyopinda tangu matanga, waombolezaji walipoiegemea. Sijaigusa.

"Baba Atu," mfuko ukasema, "vaa viatu. Kazi za mkeo zinataka kufutwa."

Nikavaa viatu. Mke wangu Sekela, aliyefariki mvua za kwanza zilipoanza, alikuwa afisa masoko wa kiwanda cha Unga wa Mbayuwayu hapa Tukuyu. Kila mwaka alibuni kalenda ya kiwanda: ndege mweusi mwenye kifua chekundu, na chini yake mapishi. Binti yetu Atu, aliye Dodoma, amenisihi tumtengenezee mama yake ukurasa mtandaoni wa kazi zake. Anasema siku hizi mtu wa masoko asiye na ukurasa ni kama hakufanya kazi. Nilimjibu kwamba mama yake anajulikana, hahitaji kutangazwa. Tangu hapo ananipigia simu kwa nadra.

Tunatoka mlangoni na tayari tuko ofisini. Nyuma ya meza imekaa simu kubwa, kimo chake kama changu, imefunga tai. Waya wake umechomekwa ukutani.

"Jina la marehemu?"

"Sekela Mwaipaja."

"Kazi zake?"

"Kalenda."

"Sheria ni moja, mzee. Kazi isiyofunguka kwa kidole haipo. Fungua."

"Ziko majumbani kwa watu."

"Basi fungua nyumba."

Nikabonyeza ukuta. Ukuta ukasogea juu, na tukawa jikoni kwa jirani yangu, Mama Anyisile, anasonga ugali. Hakushangaa.

"Karibu, Baba Atu. Huyo mwenye tai avue viatu."

Simu ikajitazama chini, ikaona haina miguu, ikaomba radhi. Kisha ikaitazama kalenda iliyokuwa juu ya jiko.

"Mama, mwaka huu ulikwisha zamani."

"Mwaka umekwisha, ndege hajaisha. Nani atamshusha? Ndiye anayeniangalizia ugali."

"Una mabonge upande wa kushoto," mbayuwayu akasema kutoka ukutani.

Nikabonyeza tena. Kwa kinyozi, mbayuwayu alikuwa kando ya kioo, akimwambia mteja kwamba mtindo ule haumfai. Nikabonyeza tena, tukawa darasani. Kila daftari lilikuwa limejalidiwa kwa kalenda ya Sekela. Mwalimu akasema, "Fungueni madaftari," na ndege wakaruka kutoka kwenye majalada yote, wakajaa hadi darini. Nikasimama kama mzazi siku ya kufunga shule, mtoto wake anapoitwa mbele.

"Zipo," simu ikakiri.

Hapo mvua ikaanza kunyesha ndani ya darasa. Wekundu wa vifua vya ndege ukaanza kutiririka sakafuni. Ndege wenyewe hawakujali.

"Karatasi hizi zikiisha, mzee," simu ikauliza kwa upole, "mjukuu wako nitamfungulia nini?"

Nikainama, nikaanza kuukinga wekundu kwa viganja.

Sekela anaingia. Amevaa koti lake la kiwandani, mikono imejaa unga. Hanisalimu. Anamwendea ndege wa karibu na kumshika kidevu.

"Nani alikubali wekundu huu? Nilisema uwe kama matofali ya kuchoma, wakaniletea nyanya."

"Meneja," ndege akasema.

"Mwambie sijasahau."

Ndipo akanigeukia. "Baba Atu, kwa nini unanificha?"

"Sikufichi, Mama Atu. Nakutunza."

"Tangu lini mtu wa masoko akatunzwa kabatini? Nimetembea na kalenda hizi sokoni hadi visigino vikapasuka, ili watu wazione. Wewe unataka wazione majirani peke yao?"

Mfuko wa unga ukacheka hadi ukamwagika.

"Na kalenda ya sebuleni imepinda," Sekela akaendelea. "Wageni wanakuja, wanakunywa chai, wanatazama kazi yangu imepinda. Aibu!"

Tayari tulikuwa sebuleni. Akaisukuma kwa kidole gumba, akarudi nyuma, akaitazama kwa jicho moja kama alivyokuwa akifanya siku zote.

"Hapo sawa," akasema.

Nikaamka. Jua lilikuwa limeshaingia dirishani. Nikaenda sebuleni bila viatu.

Kalenda ilikuwa imenyooka.

Kwenye pembe yake ya chini palikuwa na alama ya kidole gumba, nyeupe. Humu ndani hamna unga. Tangu matanga nimekuwa nikila mkate.

Sikuifuta. Niliipiga picha, kalenda yote na alama yake, nikamtumia Atu.

"Anza na hii," nikaandika. "Ila wekundu uurekebishe. Mama yako alitaka wa matofali."