Pete ya Mkoromaji

Haya ninayoyaandika ni kweli tupu, kweli iliyochemshwa na kuchujwa. Sijatia chumvi, na hata kijiko cha kutilia sina. Ikibainika nimepiga chuku mahali popote, basi nipewe beseni na sabuni nizioshe kofia ngumu zote za wageni waendesha baiskeli, na jasho lao la msimu mzima. Nimeapa.

Katika mji mmoja unaopendwa na watalii kuliko unavyopendwa na wenyewe, palikuwa na mzee waliyemwita Kengele. Mtanashati, mgongo umenyooka, miguu imeshiba, sauti ya kumtoa nyuki mzingani. Simsifu kwa upendeleo, ndivyo alivyokuwa.

Kabla ya kustaafu, Kengele alikuwa mwendesha lifti katika jengo la maofisi. Ujana wake wote ulikwenda juu ukashuka chini, hata siku moja haukwenda mbele. Watu waliingia na habari zao: "Basi yule mke akafungua kabati, si ndiyo akakuta..." Mlango ukafunguka, msimuliaji akashuka zake. Alikuta nini kabatini? Mzee akabaki na kabati la watu mikononi. Ilimbidi amalizie mwenyewe, na mara nyingi alimalizia vizuri kuliko ilivyotokea.

Alipostaafu alikaa nyumbani akiutazama ukuta, na ukuta ukimtazama. Hakuna aliyeingia, hakuna aliyeshuka. Alianza kulisalimia jokofu. Ndipo binti yake, mwenye kampuni ndogo ya kuwatembeza wageni kwa baiskeli, alipomwonea huruma.

Ofisi ya kampuni ilikuwa chumba kimoja kilichowahi kuwa cha kinyozi. Kioo kirefu kilibaki ukutani, na kwenye misumari ya taulo sasa zilining'inia kofia ngumu. Baiskeli hawakuwa nayo hata moja. Walitumia zile za mji, za kushirikiana, za buluu, nzito kama deni la mjomba, zimejipanga vituoni pua zikiwa ndani ya vyuma kama ng'ombe horini. Unaielekezea simu, inalia "ti!", inakuachia.

Lakini mji ulikuwa na sharti lake. Baiskeli haikai na mtu muda mrefu. Baada ya kila mwendo mfupi lazima uirudishe kituoni, na ukiirudisha, mashine haikupi nyingine papo hapo. Inakusimamisha robo saa, ati na wengine wapate. Kwa hiyo msafara ulikwenda kwa kurukaruka, kituo hadi kituo, na kila kituo ilibidi kuwe na maneno ya kujaza ile robo saa.

Na msafara una kichwa na mkia. Kichwa hubeba kengele ya shaba, hutangulia, na ndiye msemaji. Mkia huja nyuma ya wote, huhesabu kofia, huyazuia magari, na jioni ndiye aoshaye kofia hizo. Mkia hasemi. Akisema, wageni hugeuza shingo, na anayegeuza shingo juu ya baiskeli hukutana na nguzo.

"Baba," binti alimwambia siku alipomkabidhi kengele, "kibali cha mji hupewa wanaosema kweli. Nikisikia umewadanganya wageni wangu, kengele naichukua, unakwenda mkiani. Tumeelewana?"

"Mwanangu! Mimi na uongo wapi na wapi?"

"Tumeelewana, Baba?"

"Tumeelewana, mama."

Na kwa kweli alianza vizuri. Kituo cha kwanza kilikuwa penye chemchemi, akaeleza chemchemi. Cha pili kilikuwa darajani, akaeleza daraja. Lakini cha tatu kiliwekwa na mtu asiyewatakia mema waongoza wageni. Kilikuwa nyuma ya duka la dobi: ukuta mtupu, benchi, na pete kubwa ya chuma iliyoshika kutu, imepigiliwa ukutani usawa wa goti. Basi. Siku ya kwanza wageni walimtazama, naye akautazama ukuta. Akauona ule ule wa nyumbani kwake, umemfuata mpaka huku. Mgeni mmoja akauliza, "Na hiyo pete?"

Ulimi hauna mfupa. "Hiyo," alisema Kengele, "ndiyo aliyofungwa mkoromaji."

Palikuwa, alisema, na fundi saa aliyekoroma mpaka saa zote alizotengeneza zikapoteza majira. Akivuta pumzi, pazia linaingia ndani. Akiitoa, paka anatoka nje. Usiku mmoja treni ya mizigo ilirudi nyuma ikidhani inajiwa na nyingine. Mkewe alimpenda, ila alitaka kulala. Akamtolea godoro nje, akamfunga kifundo cha mguu wa kushoto kwenye pete hii kwa kamba ya hariri, maana bila kamba mkoromo ungemsukuma yeye na godoro lake mpaka barabarani. Na tangu siku hiyo, anayeishika pete hii halali tena kwa kelele.

Robo saa iliisha kama kufumba na kufumbua. Mashine zikalia "ti! ti!", na hakuna aliyetaka kupanda.

Siku zilivyosonga, pete ile upande mmoja ikaanza kung'aa kwa kushikwa. Wageni walikuja na waume zao, mwingine akaja na picha ya mume. Kengele aliamka kabla ya jua akiwa na pa kwenda. Watu walimsubiri amalizie, na hakuna mlango uliofunguka katikati ya maneno yake. Binti alishinda ofisini akipokea simu, na mkia, mwanamume mpole aliyekuwa mwashi zamani, alifuata sharti lake la kutosema hata ofisini.

Sasa njia ya mwongo ni fupi, na kwa baiskeli ni fupi zaidi.

Asubuhi moja mwashi aliamka na jino. Shavu limevimba kama andazi. Binti akachukua kofia msumarini. "Leo mkia ni mimi," alisema. "Na vizuri, sijakusikia ukifanya kazi, Baba."

Kengele alichungulia nje. "Utachoka, mwanangu. Jua kali."

"Kuna mawingu, Baba."

Msafara ulikuwa wa watu wachache, na kati yao mke na mume wa makamo. Bibi alikuwa mwembamba mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi. Bwana alikuwa mnene, mchangamfu, amelala vizuri. Kengele alipomwona tu bibi yule alijua amefuata nini, na moyo ukamshuka mpaka kwenye pedali.

Chemchemi akaieleza. Daraja akalieleza, kwa urefu hata wavuvi wa pale chini wakamtaka aendelee mbele. Alikuwa akiomba robo saa ya darajani isiishe. Iliisha. Wakafika nyuma ya duka la dobi, wakazisukuma baiskeli vyumani, zikafungwa. Hakuna pa kukimbilia.

Binti alisimama nyuma, mikono ameifunga kifuani. Kengele akakohoa.

"Huu," alisema, "ni ukuta."

Wageni wakautazama.

"Ni wa matofali."

Ndani ya duka mashine ya dobi ilizunguka, ikapumzika, ikazunguka tena.

"Na pete?" aliuliza bibi. "Rafiki yangu alikuja mwaka jana. Aliniambia, usirudi bila kumshikisha pete. Sisi tumekuja kwa ajili ya pete."

"Pete ni ya chuma," alisema Kengele kwa sauti ya mtu anayepigwa sindano. "Imeshika kutu. Kutu ni... ni kawaida ya chuma."

"Lakini yule fundi saa?"

"Fundi saa gani, Baba?" aliuliza binti kutoka nyuma.

"Sijui. Mji huu una mafundi wengi."

Ajabu ni kwamba angepona. Bibi alikwisha kukata tamaa, mumewe akamwambia "Basi, mke wangu, nitalala jikoni," akaishika pete hivyo hivyo ili kumridhisha, akaketi benchini, na kabla hajaketi vizuri usingizi ukamchukua. Akakoroma. Njiwa wote wakaruka kutoka paa la dobi, kofia ya mgeni mmoja ikaanguka, na dobi akatoka nje kuangalia mashine yake ina nini. Watu walicheka, binti naye akacheka. Zilibaki dakika chache tu.

Ndipo ulipoingia msafara wa kampuni nyingine, wote mashati ya njano, ukiongozwa na kijana mwenye mdomo mwepesi. Akaziegesha baiskeli, akapiga makofi.

"Shikamoo, Mzee Kengele! Hamjambo nyote? Haya, wageni wangu, sogeeni. Pete hii ina historia. Hapa alifungwa mwoka mikate aliyekuwa akikoroma."

Kengele akauma midomo. Mwoka mikate!

"Mkewe," aliendelea Shati la Njano, "mwanamke katili, alimfunga kwa mnyororo. Shingoni."

Kengele ya shaba ikaanza kulia yenyewe mkononi mwa mzee, kidogo kidogo. Nyamaza, alijiambia. Nyamaza, mzee, wewe ni ukuta. Ukuta wa matofali.

"Na meli baharini..."

"Meli!" Kengele alilipuka. "Meli imetoka wapi? Treni! Treni ya mizigo! Na hakuwa mwoka mikate, alikuwa fundi saa! Na nani amfunge mume shingoni, unataka afe? Mguu! Kifundo cha mguu wa kushoto, kwa kamba ya hariri! Yule mke alimpenda!"

Shati la Njano alikodoa macho. "Ah, mzee wangu. Kwani wewe ulikuwapo? Umejuaje?"

"Nimejuaje? Aliyemfunga ni mimi! Kamba ni yangu, fundo ni langu, mkoromo wangu! Nimemtoa kichwani mwangu mzima mzima, leo wewe unanivalisha mnyororo!"

Kukawa kimya. Hata mkoromaji aliamka kwa kukosa kelele. Na katika kimya hicho Kengele aliyasikia maneno yake mwenyewe yakimrudia, moja moja. Akageuka polepole.

Binti hakupandisha sauti. Alinyoosha kiganja.

"Mama," alisema Kengele, "hebu kwanza..."

"Kengele, Baba."

Akampa. Shaba ilikuwa na joto la mkono wake. Binti akawageukia wageni, akawaomba radhi, akasema pete hii hajui ilikuwa ya nini, labda ya kufungia punda, na kwamba kampuni yake haitibu mkoromo. Bibi alishusha pumzi. "Angalau nimecheka," alisema. "Nilikuwa sijacheka tangu tuoane." Mumewe akasema na yeye hajacheka, alikuwa amelala.

Mashine zikalia. Binti akatangulia, na Kengele akakaa mkiani.

Mkiani kuna migongo tu. Alihesabu kofia, akanyoosha mkono kuzuia gari la mkaa, akameza maneno. Walipita mnara wenye saa mbovu, naye alijua kabisa kwa nini ni mbovu, na hakuna wa kumwambia. Kila kituo binti alisema ukweli kwa kifupi, kisha wageni walisimama wakitazama simu, huku robo saa ikijikokota kama kobe mgonjwa. Mkoromaji, aliyekuwa mzito wa mwendo, alirudi nyuma mpaka wakaenda sambamba.

"Mzee," alinong'ona, "asubuhi yule mke alimfunguaje? Maana fundo la hariri likikazwa halifunguki."

Kengele alilijua jibu. Lilikuwa jibu zuri kuliko yote, hakuwahi kulitumia. Likamjaa kinywani kama maji. Akatazama mgongo wa binti yake kule mbele, akaonyesha kwa kidole midomo yake iliyofungwa, kisha akamwonyesha bwana yule nguzo iliyokuwa inakuja. Hiyo ndiyo gharama aliyolipa, na ilimuuma kuliko jino la mwashi.

Jioni ofisini aliziosha kofia mbele ya kile kioo cha kinyozi. Binti alifunga mlango, akaning'iniza kengele msumarini, akazungukazunguka. Akapanga kiti kilichokuwa kimepangika. Mwisho akasema, bila kumtazama:

"Baba. Kwani alimfunguaje?"

Mzee alikausha mikono taratibu. Aliiona ile sura, maana aliwahi kuivaa miaka yote kila mlango wa lifti ulipofunguka.

"Mkia hasemi," alijibu kwa heshima, akachukua koti lake akaenda zake nyumbani, mgongo umenyooka.

Hapo ndipo nilipokuwa nimeweka nukta. Bahati mbaya sikusikia mlango nyuma yangu.

"'Mgongo umenyooka,'" alisoma mtu begani kwangu. "Mgongo wa nani, Baba?"

"Wa Mzee Kengele. Mtu mmoja tu hivi, humjui."

"Na kofia ya mgeni ilianguka kwa mkoromo? Si uliipiga wewe kwa kiwiko? Na njiwa walitoka wapi, kile kituo hakina njiwa. Na huku mwisho eti 'mkia hasemi'! Baba! Nilikuuliza neno moja, ukakaa kwenye kile kiti ukaongea mpaka nikachelewa kwenda kulala. Mtungi wa maji, kifaranga, mpaka shemeji wa yule mke ukamwingiza!"

"Alikuwa wa lazima, mwanangu. Yeye ndiye aliyekuwa na mkasi."

"Rudi pale juu. Umeapa nini?"

Nikarudi pale juu. Nilikuwa nimeapa nilichoapa, kwa mwandiko wangu mwenyewe.

Beseni liko mbele yangu, povu limenifika viwiko. Kofia ya yule mnene naiacha ya mwisho.