Lombaard wa Nyarugusu

Martina wa Masumbwe alifikisha miaka themanini bila kujua jina kamili la baba yake. Alikuwa na kipande tu. Mama yake mzazi, Kabula, alimwambia kwamba aliyemzaa alikuwa Kaburu mmoja aliyekuwa akitafuta dhahabu Nyarugusu wakati wa vita ya Hitla, na kwamba watu wa kambini walimwita Bwana Hende. Kabula alikuwa mpishi wake. Mtoto alipofikisha miezi minane, Bwana Hende alifunga mizigo, akasema anakwenda Mwanza kununua baruti, na tangu siku hiyo hakuonekana tena.

Martina alikua na ngozi nyeupe na macho ya rangi ya majivu, katikati ya ndugu wa mama yake waliokuwa weusi tititi. Shuleni hata mwalimu alimwita Kaburu. Hayo aliyazoea. Kilichomkausha moyo ni ile miaka ambayo watu wenye ualbino waliwindwa kanda ile, kwa imani kwamba viungo vyao vinavuta dhahabu. Yeye hakuwa na ualbino, lakini nani angesimama kumuuliza? Kwa miezi mingi alihama nyumba yake na kulala kwenye ghala la mpunga la jirani, mlango umefungwa kwa ndani na gogo limeegemezwa. Kulipokucha alikuwa akitoka na vumbi la pumba kwenye nywele.

"Wakinikamata nitasema mimi ni nani?" alimwambia binti yake, Loveness, siku moja. "Niseme mimi ni mtoto wa Hende? Hende ndiye nani?"

Loveness alikuwa akiuza vitenge sokoni Masumbwe, na ndiye mtoto pekee aliyebaki karibu na mama yake. Mwaka jana, daktari alipomwambia kwamba moyo wa mama umetanuka na haurudi tena, alirudi nyumbani akamuuliza kama kuna kitu anakitaka. Alidhani ataomba kwenda kuwaona wajukuu Dar es Salaam.

"Nitafutie jina la baba," mama alisema. "Kabula aliniambia nilibatizwa. Alisema Bwana Hende alinipakata mwenyewe kanisani, na akaweka saini. Wamisheni wale walikuwa watu wa vitabu. Kitabu hakiwezi kupotea chote."

Ile misheni ya Waprotestanti ilishafungwa miaka mingi, na vitabu vyake vilihamishiwa Shinyanga, kwenye ofisi ya kanisa nyuma ya soko. Loveness alifunga kibanda chake siku mbili, akaenda.

Aliyevitunza ni Mzee Thobias, mwinjilisti mstaafu, mtu mrefu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Karibu. Umekuja kwa cheti cha ndoa?"

Alipomweleza, mzee hakushangaa. Alisema huwa anapokea barua kutoka Afrika Kusini. Makaburu wengi walipanda hadi Tanganyika tangu enzi za Mjerumani, wakalima huko Meru na Arusha, na wengine wakateremka kufuata almasi na dhahabu. Sasa wajukuu zao wanatafuta ukoo, na njia yao ni rejista za makanisa, kwa sababu watu wale hawakuwa wakizaa, kuoa wala kuzika bila mchungaji kuandika.

"Kaburu anaweza kukosa nyumba," alisema Thobias akilivuta sanduku la bati kutoka chini ya meza, "lakini lazima ukute ameandikwa mahali."

Vitabu vilikuwa vinne. Mchwa walikuwa wamepita kwenye majalada, na karatasi zilikatika ukizigusa, hivyo mzee alifunua kurasa kwa rula ya shule. Walianza na kitabu cha ubatizo cha Waafrika, mwaka 1943 hadi 1946. Akina Kabula walikuwemo wengi, ila hakuna aliyekuwa na mtoto Martina. Wakafungua kitabu cha Wazungu. Hamna. Ilikuwa imeshafika saa nane mchana, Loveness hajala, na alikuwa ameanza kutunga moyoni maneno ya kwenda kumwambia mama yake.

Thobias alikigeuza kile kitabu cha Wazungu kichwa chini, akakifungua kwa nyuma.

"Wakati mwingine waliwaandika huku," alisema kwa sauti ya chini, kama anayeona aibu kwa niaba ya mtu mwingine. "Wale wasiojulikana waandikwe wapi."

Kulikuwa na kurasa tatu tu, bila kichwa cha habari. Katika ya pili, kwa wino uliogeuka kahawia: *Martina, amezaliwa Januari 1944. Mama: Kabula, wa Nyarugusu. Baba: Hendrik Lombaard, mtafuta madini.* Pembeni kulikuwa na saini yenye mkia mrefu.

Loveness alisoma mara tatu. Kisha akaweka kidole pembeni ya saini bila kuigusa, akalia pale pale mbele ya mzee wa watu.

Thobias alikuwa na jambo jingine. Jina lile alishawahi kulisikia. Mwaka mmoja kabla ya hapo mwanamke mmoja wa Afrika Kusini, Riana Lombaard, mtu mzima wa miaka sitini na nane, alimwandikia akiomba habari za Lombaard yeyote aliyefika huku. Alikuwa akiandika kitabu cha ukoo wao. Mzee alipiga picha ule ukurasa kwa simu, akamtumia na salamu. Kiingereza chake kilikuwa cha shule za zamani, kamili.

Jibu lilifika kabla Loveness hajafika Kahama. Riana aliandika kwamba katika ukoo wao kuna Hendrik mmoja tu, aliyezaliwa mwaka 1912 na kupelekwa Tanganyika na wazazi wake, na kwamba baada ya kipaimara chake hawajui alikokwenda. Akaomba picha ya Martina. Loveness alimpiga mama picha nje ya nyumba, amevaa gauni la kitenge cha umoja wa kina mama, amekaa wima kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti. Riana akajibu: "Nimetazama macho yake nikakaa chini. Ni macho ya shangazi yangu. Mpe salamu, mwambie nitazipitia rejista zote za Meru ili nimwandike mahali pake."

Masumbwe nzima ilipata habari. Mama Martina, ambaye alikuwa hatoki nje ila kwenda kanisani na kliniki, alianza kwenda sokoni na fimbo yake, anapumzika kila hatua ishirini, anawaambia watu. Wajukuu waliopiga simu walifundishwa kulitamka lile jina. Ghati, jirani aliyekuja kutoka Tarime kuuza uji kwa wachimbaji, ndiye aliyeanza kumwita Mama Lombaadi, na watu wakafuata.

"Dada yangu wa Afrika Kusini hajambo?" mama aliuliza kila asubuhi, na Loveness akamwonyesha simu.

Wiki ya nne Thobias alipiga. Alisalimia, akauliza hali ya mgonjwa, akauliza habari za mvua. Kisha akauliza, "Mwanangu, uko peke yako hapo?"

Loveness akatoka nje ya kibanda.

Riana alikuwa ameipata rejista ya maziko ya kanisa moja la Makaburu huko Meru. Hendrik Lombaard alikufa mwaka 1936 kwa homa ya mkojo mweusi, ana miaka ishirini na minne, hajaoa. Alizikwa shambani kwa wazazi wake, na mchungaji aliyemzika ndiye yule yule aliyempa kipaimara. Hakukuwa na shaka.

"Sasa nani aliyesaini kile kitabu?" Loveness aliuliza.

"Hatujui. Riana anadhani kuna mtu alichukua karatasi za marehemu. Wakati ule mtu akitaka kujificha, na vita ile, na sheria za madini... Jina la maiti halimgombezi mtu." Thobias alikohoa. "Anaomba radhi sana. Anasema yale maneno ya macho aliyasema kwa furaha. Kwenye kitabu chake hawezi kumwandika."

Kwa wiki tatu Loveness alificha. Alisema Riana anaumwa, kisha akasema mtandao unasumbua. Lakini mama yake alikuwa ameishi miaka themanini akisoma nyuso za watu wanaomwangalia, na siku moja wakiwa wamekaa barazani wanabangua karanga, alisema, "Yule mwanamke amenikataa."

"Si hivyo, mama."

"Sema basi ni vipi."

Loveness akauweka ungo chini. "Yule Hendrik alishakufa."

"Najua kafa. Angekuwa hai angekuwa na zaidi ya miaka mia."

"Alikufa kabla hujazaliwa. Miaka minane kabla. Wameona alipozikwa."

Mama aliendelea kubangua. Alibangua karanga nne, tano, akaziweka kwenye bakuli moja moja.

"Aliyenipakata kanisani alikuwa nani?"

"Hatumjui. Alitumia jina la yule marehemu."

"Na Kabula?"

"Labda hakujua. Labda naye alimjua kwa jina hilo hilo."

"Na macho? Si alisema macho?"

Mama alitazama barabarani, ambako bodaboda zilikuwa zikipita na madumu ya maji ya kupeleka machimboni.

"Mtoto yuko mikononi mwake," alisema hatimaye. "Maji bado yananidondoka kichwani. Naye anamwambia mchungaji uongo."

Loveness, kwa kutafuta chochote cha kusema, akamweleza kwamba Riana ametaja kipimo cha mate. Unatema kwenye kichupa, kinatumwa ng'ambo, wanaangalia damu ya ukoo.

"Kitaniambia jina?"

"Kitasema tu kama wewe ni ndugu yao au si ndugu yao."

"Nimeangaliwa vya kutosha," mama alisema. "Usiniletee hicho."

Loveness hakutulia. Aliona uchungu kwamba lile jina linabaki kule kwenye sanduku la bati, safi, na saini yake ya mkia, kama vile halijafanya kitu. Akaenda tena Shinyanga kumwomba Thobias alikate. Mzee alimsikiliza hadi mwisho, kisha akatikisa kichwa.

"Siwezi, mwanangu. Kitabu hakiandiki ukweli. Kinaandika kilichosemwa siku ile. Mtu alisema Lombaard, mchungaji akaandika Lombaard. Nikianza kukata, nitakata vingapi?"

"Basi andika pembeni kwamba ni uongo."

"Niandike baba ni nani?"

Loveness alisimama pale na mkoba wake. Mzee alimwambia kwamba tangu siku ile ya simu amevipitia vitabu vyote vinne mstari kwa mstari, na orodha za washirika, na za waliotoa sadaka ya ujenzi, akitafuta Kaburu mwingine yeyote aliyekuwa Nyarugusu miaka ile. Aliwapata wawili. Mmoja alikuwa mzee wa miaka sabini. Mwingine alikuwa mwanamke. Macho ya Thobias yalikuwa mekundu nyuma ya miwani. Alimpa Loveness nakala ya ule ukurasa ndani ya bahasha ya kaki, naye akaipokea kwa sababu hakujua namna ya kuikataa.

Alirudi Masumbwe kesho yake asubuhi. Mama alikuwa amekaa nje kwenye kiti cha plastiki, miguu imevimba, shuka magotini. Ghati alipita na ndoo yake ya uji kichwani.

"Mwangaluka, Mama Lombaadi!" alisema kwa lafudhi yake ya Kikurya, akifurahia salamu ya Kisukuma aliyojifunza.

Loveness alifungua mdomo. Mama akamshika mkono, kwa nguvu ambayo hakudhani bado anayo.

"Mwangaluka, mwanangu," mama alijibu. Alisubiri Ghati apite kona. "Usimwambie. Nikimwambia si langu, ataniuliza langu ni lipi."

Aliishi miezi minne baada ya hapo. Sokoni hakwenda tena. Riana alituma ujumbe mara mbili kumjulia hali, na Loveness alimjibu kwa maneno machache, bila kumsomea mama. Mama naye hakuuliza. Simu ilipolia, aliendelea na alichokuwa akikifanya, hakugeuka.