Mikono ya Saa Sita

Asubuhi hiyo mke wangu Eunike alikuwa anapukuchua mahindi kwa kisigino cha kiganja, kwa sababu vidole vilikataa kukunjika. Punje nyingi ziliruka nje ya turubai. Alikuwa ananisimulia maneno ya daktari aliyemwona jana yake huko Same.

"Kasema damu yangu haionyeshi baridi yabisi, na vidole vinakunjika vizuri. Ama sina ugonjwa huo, ama dawa simezi."

"Ukamjibu nini?"

"Kwamba ni dawa ya mara moja kwa wiki, na kila Jumapili nikitoka ibadani naimeza mbele ya mume wangu. Akacheka. Eti waume wa milimani wote ni mashahidi wazuri."

Mimi si mwepesi wa hasira. Foleni ilikuwa ndefu, nikajiambia, na mtu akichoka ulimi huteleza. Lakini alikuwa amemnyima rufaa ya kwenda kwa mtaalamu wa viungo, ambaye angeweza kumbadilishia dawa, na vidole vilikuwa vinapinda huku tunaviona.

"Tuanze mwanzo," nikasema. "Jana uliamka ukoje?"

"Kama leo. Kikombe nilikishika kwa viganja."

"Halafu?"

"Nikaloweka mikono kwenye maji moto ya chumvi. Nikameza diklofenaki ya kutuliza maumivu, maana gari la Vudee linavyorusha watu unalijua. Nikajipaka mafuta. Daktari nikamwona saa sita."

Niliweka gunzi chini.

"Kwa hiyo alichopima ni mikono ya saa sita."

"Ulitaka nimfikie na vidole kama kucha za jogoo? Mtu haendi kwa daktari kama anakwenda kuchimba tangawizi."

Hapo hasira ikanipanda, wala si kwa Eunike. Mama wa huku juu hujisafisha na kutuliza maumivu kwanza, asije akaaibika mbele ya koti jeupe. Daktari anayetupokea kila wiki alipaswa kulijua hilo. Angeuliza tu asubuhi anaamkaje. Hata kuhusu damu, tabibu aliyemwanzishia dawa alishatueleza kwamba wapo wagonjwa ambao kipimo hakiwaonyeshi. Huyu hakuuliza. Aliona rahisi zaidi kumwita mwongo.

"Kesho jioni tunashuka," nikasema. "Tunalala kwa dada yako Dorkas, pale karibu na kliniki. Alfajiri hakuna maji moto, hakuna diklofenaki. Wa kwanza mlangoni ni wewe."

"Na kitenge nitakifungaje?"

"Nitakufunga mimi."

"Baba Jackline, utanifunga kama mzigo wa majani ya ng'ombe."

"Sawa. Akuone hivyo hivyo."

Hakucheka. Aliitazama mikono yake.

"Akiniita mwongo tena?"

"Nitakuwa humo ndani. Atashika kidole kimoja kimoja nikimwangalia, na rufaa ataiandika."

Alitikisa kichwa kukubali, akachukua hindi jingine. Likamdondoka. Nililiokota, nikalirudisha kwenye lundo na kulifunika lote kwa turubai. Yaliyobaki tungeyaendeleza kesho, kabla ya gari kushuka.