Acheni Kilio Kitangulie

Kila nyumba waliyokwenda kuiona, mume alielekea bombani na mke akabaki mlangoni. Hawakupangana. Mume alikuwa fundi bomba, na fundi bomba hawezi kuingia mahali penye koki asiifungue, hata akiwa msibani. Mke alikuwa msusi, na milango haikuwa kazi yake. Ila kule walikopanga chumba, wezi walikuwa wamewaingilia mara mbili. Mara ya pili waliwakuta wamelala; Msusi akazinduka asithubutu kufumbua macho, na mmoja wao akamvua pete kidoleni taratibu kabisa, kama mtu anayemvua mtoto viatu. Tangu siku hiyo Msusi alikuwa akiegemeza kabati mlangoni, na bado usingizi hauji. Alichotaka duniani kilikuwa kimoja: mlango wa maana, kwenye mtaa wa maana, alale.

Dalali wao alikuwa mnene, mwepesi wa maneno. Walimbatiza Mzee wa Bahati, kwa sababu kila alichowaonyesha, hata ile nyumba iliyokuwa inainama upande mmoja, alisema ni bahati yao. Jumamosi hiyo aliwapeleka kwenye jengo la ghorofa nne lenye geti la chuma na mlinzi aliyevaa viatu. Baiskeli za watoto zilikuwa zimelazwa nje, hazijafungwa hata kwa kamba. Nguo nzuri zilikuwa zinakauka kwenye waya na hakuna aliyekaa kuzilinda.

"Nyumba njema si mlango," alisema Mzee wa Bahati walipofika ghorofa ya pili. "Ingieni ndani mwone."

Msusi hakuingia. Mlango ulikuwa wa mbao ngumu, una kufuli mbili na komeo nene kama mkono wa mtoto. Akaufunga, akaufungua, akaufunga tena. Machozi yakamlengalenga, akajifanya anakagua bawaba.

Jikoni, Fundi alifungua koki. Kikatoka kilio. Kilikuwa kilio cha mwanamke, cha kujibana, cha mtu aliyejiziba mdomo kwa kitambaa. Kilitoka pamoja na hewa, kikakatika, kikarudi, kisha maji yakafuata, safi na yenye nguvu.

"Presha nzuri," alisema Fundi.

"Mno," alisema Mzee wa Bahati. "Asubuhi acheni kilio kitangulie, kama mnavyoacha maji ya kutu. Kikiisha, kinga maji yako, chemsha chai yako."

"Kinatoka wapi?" aliuliza Msusi kutoka mlangoni.

"Kwenye mabomba, mama. Kingetoka wapi tena?"

Fundi hakuona neno. Alishakuta mengi kwenye mabomba ya watu: nywele, meno ya bandia, na siku moja wimbo wa harusi uliokwama kwenye kona, ambao ilibidi autoe kwa waya. Wakaichukua nyumba. Sharti lilikuwa moja tu: kamati ya usalama ya jengo ingewatazama kwanza, na ikiridhika ndipo wangepewa ufunguo wao wa geti na kuhesabiwa wenyeji. Isiporidhika, wangerudi walikotoka, na huko Msusi alikuwa ameapa harudi hata kwa dawa. Mwenyekiti wa kamati aliishi ghorofa ya tatu, juu yao.

Wiki za mwanzo Msusi alilala kidogo, akaamka, akaenda kuushika mlango. Ulikuwa umefungwa. Akarudi kulala tena. Asubuhi alifungua koki akasimama kando, mikono kiunoni, akingoja kilio kimalize. Siku nyingine kilikuwa kifupi, siku nyingine chai ilichelewa. Lakini Msusi ni msusi. Kutwa nzima vichwa vya wanawake vimo mikononi mwake na masikio yake yanafanya kazi peke yake, na sauti akishaisikia haimpotei. Siku moja akiwa anaanika nguo alisikia mtu akimwambia mlinzi "za asubuhi", na akajua ni yule wa kwenye bomba.

Alikuwa mwanamke mwembamba, amefunga kitambaa kichwani, amebeba mfuko wa taka. Akatupa taka zake akapanda ngazi.

"Yule ni nani?" Msusi alimuuliza Mwalimu, bibi mstaafu wa ghorofa ya chini aliyekuwa akianika shuka zake kando yake.

"Mke wa Mwenyekiti," alisema Mwalimu, akabana kibanio. "Akipigwa hujifungia bafuni, akafungulia maji tusimsikie. Ana adabu mtoto wa watu. Hajui kwamba kilio kinaingia bombani."

Msusi alishtuka. Hakushtushwa na bomba. Maji hupita huku na huku na huzoa yanachokikuta. Alishtuka kwamba wanajua. Alitazama madirisha ya jengo moja baada ya jingine, mapazia masafi, vyungu vya maua, na moyo ukawa unampiga kama siku ile ya pete.

"Na nyinyi mnafanyaje?"

"Tunaacha kitangulie. Wewe mwanangu umeambiwaje?" Mwalimu alinyoosha pindo la shuka. "Pilipili usiyoila yakuwashiani? Kabla yenu, nyumba yenu alikaa seremala, kijana mpole. Akapanda kwenda kugonga mlango wao. Wiki haikuisha, kamati ikaona si mtu wa kuaminika. Sasa nasikia analala kwenye karakana yake."

Jioni Msusi alimsimulia mumewe yote. Fundi alisikiliza huku akisugua mikono kwa sabuni.

"Basi tukaseme," alisema Msusi.

"Tukamwambie nani?"

"Si kuna kamati ya usalama?"

Fundi alimtazama tu. Msusi akacheka kidogo bila kupenda, na kicheko kile kikamuudhi hadi akaacha chakula.

Mwenyekiti mwenyewe, ukikutana naye, humchukii, na hilo ndilo lililomkera Msusi kuliko yote. Alikuwa mtu wa sauti ya chini. Kwenye ngazi alikupisha, mzigo wako alikupokea, na watoto wakikimbia aliwaambia, "Taratibu, wanangu, mtaumia." Ndiye aliyepigania taa za njiani na waya wa juu ya ukuta. Mara ya kwanza alipomsalimia, Msusi alirudisha salamu na tabasamu juu, kisha akasimama kwenye ngazi akilishangaa tabasamu lake mwenyewe.

Mkewe alikuja kusukwa siku ya mapumziko. Alikaa kwenye kigoda, Msusi akamweka kichwa katikati ya magoti, akafungua kitambaa. Juu ya sikio palikuwa na upara wa ukubwa wa kijiko cha chakula. Haukuwa wa maradhi, wala wa dawa. Msusi aliujua upara wa kila aina, na huu ngozi yake ilikuwa bado nyekundu.

"Hapa pamefanyaje, dada?"

"Nilijigonga mlangoni."

"Mlango hauvuti nywele."

Mikono ya mwanamke iliyokuwa imetulia mapajani ilikamatana. Kutoka juu ilisikika redio ya Mwenyekiti, imefunguliwa kwa sauti ya kiasi isiyosumbua jirani.

Msusi alikuwa na maneno, tena mengi. Alitaka kumwambia kaa hapa hapa, huu mlango una kufuli mbili na komeo. Alivuta pumzi ayaseme, akaliona lile kabati la chumbani kwao kwa zamani, na vidole vya yule mwizi, vikavu, vikizungusha pete. Pumzi ikatoka peke yake. Mikono nayo haikungoja amri: ikagawa nywele kutoka upande wa pili, ikaanza msuko wa kulaza, ikaupitisha juu ya upara, ikaubana nyuma ya sikio. Ulikuwa msuko mzuri, labda mzuri kuliko yote aliyowahi kusuka. Hata ungetafuta kwa kidole usingeuona upara.

Mwanamke alijitazama kwenye kioo muda mrefu.

"Umenistiri," alisema. "Ahsante sana, dada."

Haikupita wiki, Mwenyekiti akagonga. Alikataa kiti, hakutaka kusumbua.

"Fundi, naambiwa kuna kelele kwenye mabomba ya jengo. Watu wanachelewa kunywa chai. Unaweza kutusaidia?"

"Ni jambo dogo," alisema Fundi, maana aliulizwa jambo la mabomba, na la mabomba alikuwa na jibu lake. "Zinarudi kutoka kwenye bomba lako, Mwenyekiti. Nikifunga vali ya njia moja, maji yatapanda kwako na hakuna kitakachoshuka."

"Sikujua," alisema Mwenyekiti kwa upole. "Basi funga. Jengo la watu wastaarabu hili."

Msusi alikuwa amesimama nyuma ya pazia la jikoni. Alingoja mlango ufungwe.

"Unamfungia," alisema.

"Nafunga bomba," alisema Fundi. Kisha akasema, akiangalia chini, "Na wewe ulifunga upara."

Kesho yake Fundi alifungua kijumba cha mabomba pale kwenye ngazi, akakata, akaunga, akakaza. Alifanya kazi safi. Hakuna tone lililovuja. Mwenyekiti alimshikia tochi. Jumapili kamati ikakaa, ikaridhika, na ufunguo wa geti ukaletwa mlangoni ukiwa kwenye kishika-funguo kipya.

Sasa asubuhi ulikuwa ukifungua koki unapata maji, basi. Wapangaji walimshukuru Fundi kwenye ngazi, na Mwalimu akasema tangu astaafu hajawahi kunywa chai mapema hivyo. Msusi bado alisimama kando ya koki mikono kiunoni, kwa mazoea, akingoja. Maji yalikuwa yanapotea bure, na mumewe hakumsema.

Jioni moja mlango uligongwa. Alikuwa mke wa Mwenyekiti, ana ndoo tupu. Msuko ulikuwa bado umekaa vizuri.

"Samahani, dada, nimekuja kuomba maji," alisema. "Kwetu hayatoki siku hizi. Nikifungua koki ni kilio tu. Nakiacha kitangulie kama wanavyosema, lakini hakiishi. Jana nilikaa nacho kutwa."

Alisema kwa aibu kidogo, kama mtu aliyeishiwa chumvi.

Msusi alichukua ndoo. Alikwenda jikoni akafungua koki, na maji yakatoka saa hiyo hiyo, safi, yakajaa hadi mdomoni. Fundi alikuwa mezani. Aliitazama ndoo, akaitazama mikono yake, akaiweka chini ya meza. Msusi alirudi mlangoni na ndoo, na maneno yale yale yakamjia, yote, kwa mpangilio.

"Ukihitaji tena, gonga tu," alisema.

"Mungu awabariki. Jirani mwema ni bahati."

Juu ya ngazi Mwenyekiti alikuwa anashuka. Alimwahi mkewe, akamshika kiwiko.

"Ndoo nzito hiyo, mama, lete," alisema. Akamtakia Msusi jioni njema, akaibeba ndoo hadi juu bila kumwaga hata tone. Mlango wao ulifungwa kwa ustaarabu.

Msusi akafunga wa kwake. Kufuli ya kwanza, kufuli ya pili, komeo. Akausukuma kwa bega kuhakikisha. Usiku ule alilala fofofo hadi kukapambazuka, kwa mara ya kwanza tangu wizi, na hakuamka hata mara moja kuushika mlango. Asubuhi, alipofungua macho na kuona jinsi alivyolala vizuri, ndipo aliposhtuka. Akaenda jikoni kuchemsha chai.