Alama ya Kiatu Mlangoni

Arlys Hruska alikuwa ameshamwaga chumvi kwenye ngazi za mbele ili barafu isiwaangushe watoto, na ameshapiga deki korido yote ya magharibi, hata saa tatu haijafika. Alikuwa na miaka sitini na moja, mjane, na shule ya sekondari ya Kell Prairie alikuwa akiisafisha kwa mwaka wa kumi na tisa sasa. Kiunoni alining'iniza funguo za milango yote. Ilikuwa Alhamisi, kwa hiyo jikoni walikuwa wanachemsha nyama ya kusaga na maharage, na mikate ya mdalasini ilikuwa ndani ya oveni, maana pande zile za Nebraska mtu akikupa kimoja bila kingine amekutukana.

Saa tatu na nusu king'ora kikalia. Zoezi la kujifungia dhidi ya mtu mwenye bunduki, kama kila mwezi. Walimu wakafunga milango na kuzima taa, watoto wakakaa sakafuni kwenye ukuta ambao mtu wa nje hawezi kuuona kupitia kioo cha mlango. Kazi ya Arlys ilikuwa kupita na kutikisa vitasa. Na si kutikisa tu. Tangu mwaka uliopita Bwana Dierks, mwalimu mkuu msaidizi, alikuwa amemwongezea jukumu: agonge pia, aombe kufunguliwa, ili ijulikane kama kuna watakaofungua. "Jifanye una shida, Bi Arlys," alimwambia. "Lia kidogo kama unaweza."

Na jamani, Arlys aliweza. Siku moja alisema amevunjika mguu. Siku nyingine alisema kabaki na sinia zima la mikate ya mdalasini na hajui ampe nani. Darasa la 109 lilifungua kwa ajili ya mikate hiyo, likaandikwa kwenye ripoti, na mwalimu wao akaitwa ofisini. Baada ya hapo hakuna mlango uliofunguka tena. Watoto walishajua kwamba sauti inayobembeleza nje ni ya yule bibi wa dekio, na waliokuwa wanacheka walicheka ndani ya viganja.

Hakupenda kazi hiyo. Watu mia tano wako ndani ya nyumba moja na huoni hata mmoja. Hakuwahi kumwambia mtu, lakini korido ile ilimkumbusha nyumbani kwake tangu Milo, mumewe, afariki: unafika, unatikisa kitasa, unasema ni mimi, na hakuna anayekuitikia.

Alitikisa 110, 111, 112, kila mara akisema "imefungwa" kwenye redio kol. Alipokaribia kona akasikia mtu mwingine anagonga. Alidhani ni Dierks, aliyekuwa na korido ya mashariki, kapotea njia. Kumbe ni mwanafunzi. Colter Wiese, miaka kumi na mitano, mrefu, amevaa koti la kazi la babu yake lililompwaya mabegani. Alihamia mjini Januari kuja kukaa na mzee huyo, na sasa ilikuwa Machi. Kosa lake lilikuwa kwamba king'ora kimemkuta chooni.

"Bi Pruss, ni mimi," alikuwa anamwambia mwalimu wake kupitia mlango wa 114. "Ni Colter. Nilikuwa chooni."

Ndani kicheko kikabanwa. Kisha ikasikika sauti ya msichana, wala si ya ubaya, sauti ya mtu anayeuliza kwa dhati kabisa. "Colter ndiye nani?"

"Nakaa nyuma," akasema. "Pale dirishani."

Mlango haukufunguka. Hapo ndipo alipopiga teke. Teke moja tu, karibu na kitasa, kiatu kikaacha alama nyeusi kwenye rangi ya maziwa. Ndani mtu akapiga yowe. Colter akateleza na mgongo ukutani mpaka akakaa chini, akauficha uso kwenye koti.

Mkono wa Arlys ukaenda kwenye funguo. Kisha mkono ukarudi. Wakati wa zoezi funguo hazigusi mlango wowote. Ndiyo kanuni ya kwanza, na aliitia sahihi. Basi akamshika kwapa, akamnyanyua, akamwingiza stoo ya mafagio iliyokuwa wazi, wakakaa gizani juu ya ndoo zilizogeuzwa. Alipapasa mfukoni akampa pipi ya mnanaa.

"Wewe huwa wanakufungulia?" Colter akauliza.

"Mara moja. Kwa sababu ya mikate."

Alicheka kwa pua. Arlys hakuwahi kumsikia akicheka, na ndipo akagundua kwamba hata sauti yake tu alikuwa hajawahi kuisikia. Kisha Colter akamwambia, kama mtu anayetaja hali ya hewa, kwamba aliyeuliza ni Janelle, na kwamba yeye na Janelle wanakaa meza moja maabara tangu Januari.

Taa zikawaka. Arlys alidhani yameisha.

Saa sita kasoro akaitwa ofisini. Dierks alikuwa kijana wa miaka thelathini na minne aliyesoma shule hiyohiyo. Arlys aliwahi kumfutia matapishi sakafuni akiwa kidato cha pili, na wote wawili walijifanya wamesahau. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na fomu mbele yake. Bi Pruss alikuwa bado anatetemeka, alisema Dierks, na wasichana wawili walishapigia simu wazazi wao kwamba kuna mtu amejaribu kuvunja mlango. Ilibidi taratibu za tathmini ya tishio zifuatwe. Shahidi alikuwa mmoja tu, yeye Arlys.

"Alipiga teke mlango, au hakupiga?"

"Alipiga, lakini sikiliza, Tanner. Aliomba kwanza. Alitaja na jina lake."

"Fomu inauliza teke."

"Basi nitaandika hapo pembeni."

"Pembeni kompyuta haisomi, Bi Arlys. Ndiyo au hapana."

Arlys akamwambia kwamba kosa ni lao wawili. Kwamba ni wao waliowafundisha wale watoto kuwa anayelia nje ya mlango ni mwongo. Dierks alisugua macho, akasema anaelewa, anaelewa sana, lakini wiki tatu zilizopita kwenye jimbo jingine watoto sita wamepigwa risasi darasani na kuzikwa, na shule ile ilikuwa na ishara ambazo hakuna aliyeziandika. Yeye hatakuwa mtu ambaye hakuandika. Arlys aliishika kalamu kwa muda mrefu. Kisha akaweka alama kwenye ndiyo, kwa sababu ndiyo ilikuwa kweli, akatia sahihi.

Colter akapewa siku kumi za kukaa nyumbani, na Jumatatu bodi ya shule ingeamua kama amefukuzwa moja kwa moja. Babu yake alikuja na gari la kubebea nyasi, amevua kofia tangu mlangoni, akisema ndiyo bwana, ndiyo bwana. Sinia la chakula cha mchana la Colter lilibaki juu ya meza ya ofisi, mchuzi umeganda na mkate haujaguswa. Alipompita Arlys kwenye korido hakumtazama vibaya. Alisema "asante kwa pipi," na hilo lilimuuma kuliko kama angemtukana.

"Ile alama ya kiatu usiifute," Dierks akamwambia. "Ni ushahidi. Halafu usisahau viti mia mbili vya jioni."

Viti vilikuwa vya mkutano. Tangu mauaji yale wazazi walikuwa wanapiga simu kila siku, na bodi ikaamua ufanyike mjadala wa wazi kwenye ukumbi wa michezo: ni nini kinachowafanya vijana waingie shuleni na bunduki. Kila anayetaka kusema anaandika jina mlangoni na kupewa dakika tatu, na mbele kuna kisanduku chenye taa, kijani, njano, kisha nyekundu. Arlys alipanga viti peke yake. Alipomaliza alikwenda mlangoni, akaandika jina lake. Wajumbe watano wa bodi watakaokaa kule mbele ndio haohao wa Jumatatu. Kama hawatasikia leo kwamba yule mtoto aliomba kabla ya kupiga, hawatasikia kamwe.

Saa kumi na mbili jioni ukumbi ulijaa. Karani alisimama na kalamu nene kando ya karatasi kubwa, akiandika kila sababu inapotajwa.

Wa kwanza alikuwa mkulima wa mahindi, akasema ni michezo ya kompyuta. Mjukuu wake ameua watu mia nne kabla ya chakula cha jioni na bado analalamikia mboga. Watu wakacheka. Mama mmoja akasema ni simu, kwamba mtoto wake anamjibu kwa vikatuni ilhali wako chumba kimoja. Mwingine akasema ni sala kuondolewa shuleni. Mwingine akasema ni dawa wanazopewa watoto wasiotulia, na mwanamke nyuma yake akasema hapana, ni wale wasiopewa. Fundi matrekta akasimama akasema yeye akiwa kijana bunduki ilining'inia nyuma ya gari lake hapohapo uwanjani, kengele ikilia wanaenda kuwinda kwale, na hakuna aliyemuua mtu.

"Na hiyo yako ilikuwa inatema risasi thelathini bila kupumua?" muuguzi mmoja akamuuliza kutoka kitini.

"Mama, mimi sijakukatiza wewe."

"Na wewe hujanijibu."

Mwenyekiti, Bi Oltmans, akagonga meza. Karani akaandika *bunduki*, akaweka alama ya kuuliza mbele yake. Kisha wakaendelea na kina baba wasiokaa nyumbani, na kina mama wanaofanya kazi mno. Arlys alisikiliza. Hakuona kwamba walikuwa wajinga. Waliogopa, kila mmoja alikuwa na mtoto wake kichwani, na kila sababu ilikuwa inakaa mbali na nyumba ya anayeitaja.

Akaitwa wa ishirini na tatu. Taa ikawa kijani.

"Mimi ndiye ninayetikisa milango," akasema, na wengine wakatabasamu, maana watoto wao walishawasimulia. "Leo asubuhi nilikuwa na funguo zote kiunoni. Mtoto mmoja alibaki nje. Aligonga, akasema jina lake, akasema na mahali anapokaa. Ndani wakaulizana ni nani. Wakadhani ni mimi, kwa sababu mimi nimewafundisha wasimfungulie anayeomba. Akapiga teke mlango. Mara moja. Na mimi sikufungua. Sasa mnataka kumfukuza."

Taa ikawa njano. Bi Oltmans akainamia kipaza sauti, akazungumza kwa upole kabisa. "Bi Arlys, pole sana. Lakini hilo ni suala la mwanafunzi mmoja, haturuhusiwi kuligusa hapa. Mada ya leo ni sababu."

"Ndiyo ninayoisema."

Lakini mtu alikuwa ameshasimama nyuma. Baba mmoja, uso mwekundu. "Subiri kidogo. Kuna anayepiga mateke milango humu shuleni? Ni nani?"

"Ni yule mgeni," mwanamke mmoja akasema. "Anakaa na mzee Wiese. Binti yangu anasema haongei."

"Haongei na nani?"

"Na mtu yeyote."

Viti vikalia. Simu zikaanza kutoka mifukoni. Arlys aliliona jina la Colter likipita kutoka safu hadi safu, mdomo hadi mdomo, kwa haraka ambayo halikuwahi kupita tangu Januari, na ni yeye aliyelileta.

"Miezi miwili hamkuliuliza hilo jina," akasema. Lakini taa ilikuwa imeshakuwa nyekundu na kipaza sauti kilijizima chenyewe, kwa hiyo waliosikia ni safu ya mbele tu. Karani alisita na kalamu yake. Kisha, baada ya kufikiri, akaandika: *milango imara zaidi*.

Mkutano ulifungwa kwa sala fupi. Watu walikula biskuti, wakaenda. Dierks alibaki kukusanya nyaya, hakumtazama, na Arlys akakunja viti mia mbili, akavipanga kwenye kitoroli, akazima taa za ukumbi. Halafu akachota maji ya moto kwenye ndoo, akamimina sabuni, akaenda 114.

Alama ilikuwa hapohapo, soli nzima, unaweza kuhesabu meno yake. Alipiga magoti, akaanza kusugua.

"Bi Arlys." Dierks alikuwa amesimama kwenye kona, kisanduku cha taa kwapani. "Nilikwambia uiache."

"Mlango ni mchafu, Tanner. Mimi nimeajiriwa kusafisha."

Hakugomba. Alionekana mchovu, na kwa muda kidogo alifanana na yule mtoto wa kidato cha pili. "Picha nilishapiga saa nane," akasema. "Zimeshatumwa."

Arlys hakuacha kusugua. Alisikia hatua zake zikienda, mlango wa nje ukafunguka, ukajifunga. Alama ikafifia, ikawa kijivu, ikatoka. Alipojivuta nyuma kuangalia, aliona kwamba pale alipofuta palikuwa panang'aa kuliko mlango wote, duara moja jeupe kwenye rangi iliyochakaa kwa miaka, na yeyote atakayepita kesho angejua hasa mahali teke lilipotua. Akakikamua kitambaa, akainuka kwa shida, akaanzia juu kabisa, kuosha mlango mzima.