Chokaa Hadi kwa Mfuga Nyuki

Asubuhi ya Mei Mosi, Notburga alifungua mlango aende misa, akakuta mstari wa chokaa umeanzia kizingitini pake. Kila mwaka vijana wa kijiji huchora namna hiyo, kutoka mlango wa mtu hadi kwa yule anayempenda kwa siri, na mwenye aibu hufagia kabla watu hawajaamka. Nyumbani walikuwa wawili tu, yeye mjane na binti yake Kreszenz, aliyekwisha kuvishwa pete na mtoto wa muuza mbegu. Mstari ukienda kwingine, harusi ya Pentekoste ndiyo basi tena.

Akamwita binti. Kimya, kitanda kilikuwa kitupu. Akachukua ufagio, lakini kwanza alitaka kujua unaishia wapi.

Kwa muuza mbegu haukukata kona. Ulipita kanisa, ukapanda kwenye mizabibu, na kila hatua Notburga akakumbuka jambo. Ile asali aliyokuwa akileta Kreszenz, akidai amepewa tu. Siku hizi nani anagawa asali bure?

Mstari uliishia kwa Koloman, mfuga nyuki, mgane wa miaka sitini na ushee. Alikuwa mlangoni anakunywa kahawa, viatu kaviweka kando asiikanyage chokaa.

"Mzee mzima, huna haya?" Notburga akasema. "Mwanangu ana mchumba."

"Kreszenz? Huyo anaingiaje hapa?"

"Asali analeta nani?"

"Yeye, namtuma mimi. Na chupa tupu kila Jumamosi anarudisha nani, kisha anakaa hapo kwenye benchi mpaka kengele ya jioni?" Akatabasamu kidogo. "Bi Notburga, unadhani watu hawakuoni?"

Notburga akatazama benchi, akatazama ufagio.

"Mimi sifagii," Koloman akasema. "Nangoja mvua. Wewe fanya utakavyo."

Kengele ya misa ikalia. Notburga aliusimamisha ufagio ukutani, akamwambia avae viatu, watachelewa. Wakateremka, huyu upande huu wa mstari, yule upande ule, na watu wakiwatazama.

Kreszenz, mpole kama malaika, alikuwa anawangoja mlangoni pa kanisa na mchumba wake. Akampa mama yake mkono. Notburga, ambaye jicho lake halipitwi na kitu, aliugeuza mkono ule polepole. Kucha zote zilikuwa na chokaa.