Mbwa Aliyeitwa Turabazi

Mimi mbwa sikumtaka. Nilisema hivyo siku mume wangu Shaabani alipoingia na kijibwa cha manjano mkononi, na nilisema tena kila nilipolazimika kuosha bakuli mara saba, moja kwa udongo, kwa sababu kalamba. Tulikuwa tunakaa Carama, kaskazini mwa mji, pale nyumba zinapoishia na mashamba yanapoanza, na wezi wa kuku walikuwa wamefanya banda letu kuwa soko lao. Shaabani, fundi baiskeli, mtu mpole hadi anaudhi, akaamua dawa yao ni mbwa.

"Basi akae inje," nikamwambia. "Mu nyumba yangu, apana."

"Atakaa inje, Mama Sumaya. Lakini ujue, ukisha kumufunga munyama kamba, njaa yake ni yako. Siku ya hesabu ntaulizwa mi, si yeye."

Kumfunga kamba hakukutusumbua. Kilichokuja kutusumbua ni jina. Kwetu Burundi mbwa hapewi jina kwa sababu linapendeza. Anapewa maneno ambayo mwenye mbwa ameshindwa kumwambia jirani usoni. Unasimama uani kwako, unamwita mbwa, na yule anayehusika huko ng'ambo ya ua anasikia na kumeza mate. Akija juu, unamuuliza: nimemwita mbwa wangu, wewe nani amekuita? Shaabani, ambaye hajawahi kugombana na mtu hata kwa tairi, akampa mbwa wake jina la Kirundi, Turabazi. Maana yake, tunawajua.

Waliokusudiwa ni wezi wa kuku. Kila jioni chakula cha mbwa kikiwa tayari, sauti ya mume wangu ilifika mpaka barabarani: "Turabaziii!" Mtaa mzima ulicheka, na kuku wetu wakaanza kuzeeka. Scholastique, jirani yetu, mwanamke wa kanisa asiyeacha utani hata Kwaresima, aliniita uani.

"Mama Sumaya, ule mbwa wenu anajua banani? Ao ni mimi?"

"Kama kuku yangu iko mu sufuria yako, ni weye."

Tulicheka hadi tukaushika ua tusianguke.

Na kwa kuwa wezi huwarushia mbwa nyama, Shaabani alimfundisha wake adabu ya ajabu. Akimwonyesha kiganja, mbwa anakaa, na hainuki mpaka asikie jina lake. Unaweza kumwekea bakuli mbele, mate yakamtiririka, asisogee. Siku moja nilimjaribu. Nilipiga mluzi, nikamtupia mfupa, akanitazama tu huku akitikisa mkia. Shaabani akatamka jina, mbwa akaruka.

"Umeona?" alisema, akijisifu kama mtu aliyejenga msikiti.

Nikamwambia mbwa wake ni mjinga. Lakini nilikuwa nimeshaanza kumbakizia mifupa yenye nyama, tusidanganyane.

Mwaka wa tisini na tano, vita vilipofika mitaa ya kaskazini, jina lile halikumchekesha mtu tena. Watu walichukuliwa kwa kutajwa tu. Mmoja anasema fulani tunamjua, na fulani harudi nyumbani. Shaabani aliacha kuita kwa sauti. Alikuwa anamwendea mbwa, anainama na kumnong'oneza sikioni, kama mwizi ndani ya ua wake mwenyewe. Nilikasirika, maana hofu hunitokea kama hasira.

"Mubadilishie jina! Mwite Simba, ao kitu ingine."

Alijaribu. Mbwa alimsikiliza kwa heshima zote na hakuinuka.

Asubuhi moja tukaamriwa kutoka, mtaa mzima. Nilibeba sufuria na unga, Sumaya akanishika kanga, Shaabani akajitwika godoro. Tulikuwa tunakwenda Buyenzi, ndani ya mji, kwa dada yangu Assia. Kabla ya kuondoka Shaabani alimfungua mbwa kamba. Alisema hawezi kumwacha afe njaa kwa kamba yake. Mbwa akatufuata nyuma, karibu na visigino vyetu, na mimi nikaona ni sawa.

Kwenye kizuizi cha kuingilia mjini kulikuwa na watu wenye bunduki. Tulipita mmoja mmoja, mikono kichwani. Pembeni, vijana walikuwa wamekalishwa chini, na mbele yao alikuwa akitembea mtu aliyevikwa gunia kichwani lenye matundu ya macho. Hapa anapita, pale anaitikia kwa kichwa. Akiitikia, kijana anainuliwa na kupelekwa nyuma ya lori. Hakuna aliyelia, kwa sababu kulia nako kungeonekana ni kumjua mtu.

"Mbwa ibaki kwanza," alisema mmoja wa wenye bunduki. "Mupite, kisha mutaiita."

Hakusema kwa ubaya. Shaabani akamwonyesha mbwa kiganja, mbwa akakaa kando ya mtaro. Walitupekua, wakamwaga unga wetu chini, wakatusukuma upande wa pili. Mume wangu akageuka na kuvuta pumzi amwite mbwa wake. Niliona mdomo wake unafunguka, ukabaki vivyo hivyo.

Tunawajua. Alipaze neno hilo pale, kwa Kirundi, mbele ya yule mwenye gunia? Vijana wale wangeona tumekuja kuwataja. Wenye bunduki wangeona tunawatishia, kwamba sura zao tumezishika. Na ukianza kueleza kwamba ni jina la mbwa, nani atakusubiri umalize?

Akapiga mluzi. Akapiga paja. "Simba! Simba, kuya!" Mbwa alitikisa mkia, vumbi likaruka, lakini hakuinuka.

"Bwana, nirudi nimuchukue. Ni hapa tu."

"Mwenye amepita amepita." Yule mtu akainua bunduki kidogo. "Kama ni mbwa yako, si umwite? Jina lake nani?"

Shaabani alimtazama mbwa, na mbwa akamtazama yeye.

"Si yangu," alisema. "Anatufuata tu."

Hapo Sumaya, aliyekuwa bado hajaanza shule, akachoka na upumbavu wa wakubwa. Yeye jina alilijua. Alijaza kifua hewa na kuanza, "Tu..." Nikamziba mdomo kwa kiganja. Aliniuma, meno yakaingia, nikazidi kukaza. Tulitembea hivyo mpaka kwenye kona, mimi namburuta, mate yake na machozi yake yakinitiririka vidoleni. Nilipogeuka mbwa alikuwa amekaa wima, masikio juu, watu wakimpita huku na huku.

Sikumtaka mbwa yule, nimeshasema. Nililia njia nzima mpaka Buyenzi, na sikujificha.

Baada ya siku kadhaa Scholastique naye, ambaye yeye na wengi wa mtaa walikuwa wamekimbilia mashambani kwanza, alifika mjini, miguu imevimba, akaja kututafuta kwa Assia. Shaabani alisimama hata kabla ya salamu.

"Umepita pale?"

"Nimepita."

"Iko?"

"Iko. Amekonda sana, Baba Sumaya. Amekaa palepale, anaangalia njia mulipitia."

Nilimletea maji. Aliyanywa polepole, na mimi nilitaka anyamaze, asiseme zaidi. Lakini mume wangu alikuwa bado amesimama.

"Ukamwita?"

Scholastique aliweka kikombe chini.

"Tulikuwa mustari murefu, watu wa Carama tu. Kila mutu anajua jina lake. Tulipita karibu yake, moja moja, na yeye anatuangalia mu midomo." Akafunika uso kwa kitambaa chake. "Akuna mutu alimwita."

Shaabani akakaa chini palepale aliposimama. Chakula kilipoiva nilimwita, nikamwita tena, na hakuinuka.